Nilikatizwa nikiongea: je, ndiyo maana nimepata 5.5?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa ugani wilayani Rungwe. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo katika chuo kimoja Uingereza, kwa sharti la kupeleka matokeo ya IELTS Academic, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, yenye 6.5 kwa jumla, na kila stadi isipungue 6.0. Nilifanya mtihani kwa kompyuta Dar es Salaam wiki tatu zilizopita. Nimepata kusikiliza 7.0, kusoma 6.5, kuandika 6.0 na kuongea 5.5. Jumla imekuja 6.5 lakini kuongea kumeniangusha. Mtahini hakutabasamu hata mara moja, alinikatiza mara mbili, na kwenye kadi alinisimamisha kabla sijamaliza. Nadhani lafudhi yangu ya Kinyakyusa haikumpendeza, na pengine hakukubaliana na nilichosema kuhusu mbolea za viwandani. Rafiki yangu mmoja ananishauri ninunue majibu yanayouzwa kwenye kundi la WhatsApp niyakariri. Mwingine anasema nijifunze kuongea kama Waingereza. Hizi alama wanazitoaje? Nikate rufaa au nirudie?"*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Nimeisoma barua yako mara mbili, maana imebeba karibu kila swali ninaloulizwa na watu wa huku Nyanda za Juu Kusini wakirudi kutoka Dar es Salaam na matokeo yasiyotosha. Nikikuelewa vizuri, unataka kujua kama ulionewa, na kama hukuonewa, basi ni kitu gani kilipungua. La kwanza nalijibu hapa hapa: katika yote uliyonieleza sioni dalili ya kuonewa. Uso mkavu wa mtahini, kukatizwa, kusimamishwa katikati ya sentensi, hayo humpata hata yule anayetoka na 8.0. Ninachokiona mimi ni kwamba mtahini alikusikia kidogo mno, au alikusikia ukihangaika kutafuta kila neno kabla ya kulitoa. Hilo linarekebishika, na wala halihitaji ubadilishe lafudhi ya kwenu.

Tuanze na mtahini mwenyewe. Mtihani wa kuongea wa IELTS ni mazungumzo ya mtu na mtu ya dakika 11 hadi 14, yanayorekodiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya kwanza ni dakika 4 hadi 5 za maswali ya kawaida: kazi yako, unapoishi, chakula, mambo unayopenda. Hapo mtahini anauliza maswali yaliyoandikwa tayari, na hana ruhusa ya kuanza kukufafanulia kwa maneno yake. Sehemu ya pili anakupa kadi yenye mada, karatasi na kalamu; unajiandaa kwa dakika 1, kisha unaongea peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Sehemu ya tatu, dakika 4 hadi 5 tena, mnajadili mambo mapana yanayotokana na ile kadi, na hapo ndipo anapata uhuru wa kukubana, kukuuliza kwa nini, na kupandisha ugumu aone uwezo wako unaishia wapi. Kwa hiyo ukikwama kidogo sehemu ya tatu, usidhani umeharibu. Huenda ni kwa sababu ulijibu vizuri maswali mepesi akaamua kukupandisha.

Katika dakika hizo chache anatazama saa, anauliza, anasikiliza, na papo hapo anakupima. Akikuacha uendelee na swali moja la sehemu ya kwanza kwa dakika 3, atakuwa amekunyima nafasi ya kuonyesha Kiingereza chako katika mambo mengine. Ndiyo sababu anakukatiza. Kwenye kadi, dakika 2 zikitimia lazima akusimamishe hata kama sentensi iko njiani. Kama ulisimamishwa kwa sababu hiyo, ulijaza muda, na hilo ni jambo jema. Ningepata wasiwasi kama ungeniambia ulinyamaza baada ya sekunde 40 akabaki anakutazama. Na kuhusu kutotabasamu, anatakiwa kuwatendea watahiniwa wote sawa, asimwonyeshe yeyote kwa uso wala kwa neno kama anapatia au anakosea. Sisi tumezoea msikilizaji anayeitikia "ee, ee" kila tukipumua, kwa hiyo kimya kile kinatutisha na tunafupisha maneno. Usikipe maana yoyote.

Kuhusu mbolea, ondoa shaka kabisa. Hakuna kigezo cha kupima maoni yako. Ungeweza kusema mbolea za viwandani zipigwe marufuku kesho asubuhi, au kwamba bila hizo Rungwe haitavuna viazi. Alama zingetokana na Kiingereza ulichotumia kutetea hoja yako tu.

Sasa vigezo vyenyewe. Viko 4, na vyote vina uzito sawa: ufasaha pamoja na mtiririko wa mawazo, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Kila kigezo mtahini anakipa bendi, yaani ngazi ya alama, namba nzima kati ya 0 na 9, kisha unachukuliwa wastani. Yako ya 5.5 inaweza kuwa, kwa mfano, 6, 5, 6 na 5. Jumla 22, gawa kwa 4, unapata 5.5. Karatasi ya matokeo haikuonyeshi mgawanyo huo, lakini hesabu yake inatia moyo: ukipandisha vigezo viwili tu kwa bendi moja moja, unafika 6.0 unayoitaka. Umbali uliobaki si mkubwa kama unavyouhisi usiku ukiwa umelala macho.

Maelezo ya kila bendi yamechapishwa na waandaaji wa mtihani na yanapatikana bure kwenye tovuti ya IELTS. Yasome. Utaona kwamba katika ufasaha, mtu wa bendi ya 5 ni yule anayeendelea kuongea lakini kwa kurudiarudia, kujisahihisha kila mara, au kwenda polepole ili asikwame. Wa bendi ya 6 yuko tayari kuongea kwa urefu, hata kama mara nyingine anapoteza njia au anasita. Katika sarufi, wa bendi ya 6 anachanganya sentensi fupi na sentensi ndefu zenye vishazi, anakosea mara kwa mara kwenye hizo ndefu, na bado anaeleweka. Zingatia hapo: makosa yapo na bendi imepatikana. Watu wetu wengi wanaogopa kosa kiasi kwamba wanabaki na sentensi za maneno manne zisizo na doa, halafu wanashangaa kwa nini alama haipandi. Sentensi za namna hiyo, hata zikiwa safi zote, hazimwonyeshi mtahini upana wowote.

Lafudhi nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu moyo. Kigezo cha matamshi kinapima kama unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika. Hata maelezo ya bendi ya 8 yanakubali kwamba lafudhi ya lugha ya kwanza inaweza kusikika, mradi isizuie kueleweka. Mtahini huyo anasikiliza watu wenye lafudhi za kila aina na amefundishwa kuzisikiliza. Lakini kuna jambo ambalo kweli hutupunguzia alama, nalo ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa, nasi tunaubeba huo huo mpaka kwenye Kiingereza. Jisikilize ukitamka "agriculture". Wengi wetu tunakaza pale kwenye "cul", wakati mkazo wake mkuu uko mwanzoni kabisa, kwenye "ag". "Development" tunaikaza kwenye "lop", ilhali inakazwa kwenye "vel". "Vegetables" tunaisoma silabi nne na kukaza "ta", wakati msemaji wa Kiingereza anaitamka kama silabi tatu na kukaza ya kwanza. Wewe ni mtu wa kilimo. Maneno haya umeyasema mara ngapi katika zile dakika? Mkazo ukikosewa msikilizaji huchelewa kulitambua neno, hata kama kila herufi umeitamka.

Jambo la pili ni miisho ya maneno. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo ulimi wetu ama unapachika irabu isiyohitajika ama unaimeza konsonanti ya mwisho. Hilo linaharibu vigezo viwili kwa mpigo, maana Kiingereza kimeficha sarufi yake nyingi hapo mwishoni: "-s" ya wingi, "-ed" ya wakati uliopita. Mtu anayejua fika kwamba ni "worked" anatamka "work", na mtahini, ambaye hana namna ya kuona kilichomo kichwani, anahesabu kosa la sarufi. Kama una muda wa kurekebisha mambo mawili tu ya matamshi, rekebisha mkazo na miisho. Ile l na r inayotuchanganya wengi iwe ya tatu, kwa sababu mara nyingi sentensi yenyewe humsaidia msikilizaji kuelewa. Kuiga Waingereza kusiwepo kabisa kwenye orodha. Nimesikiliza watu wanaojaribu. Akili yote inakwenda kwenye kupindisha sauti, hoja inawaponyoka, na mwishowe wanaeleweka kidogo kuliko walivyokuwa mwanzo.

Sasa nifike kwenye ufasaha, ambako ndiko ninakodhani alama zako zilikwenda. Kusikiliza 7.0 na kuongea 5.5 ni picha ninayoiona mara kwa mara kwa watu waliosoma shule zetu. Kiingereza chetu tumekipata ubaoni. Tangu kidato cha kwanza tumenakili notsi, tumejibu mitihani kwa maandishi, tumemsikiliza mwalimu. Jicho, sikio na mkono vimefanya kazi miaka mingi, kinywa kimefanya kazi dakika chache kwa muhula. Kwa hiyo unaelewa karibu kila kitu, lakini ukitakiwa kusema unalitunga wazo kwa Kiswahili, unalitafsiri, unalikagua kama mtu anayepitia karatasi ya mtihani kabla ya kuikabidhi, ndipo unalitoa. Kazi zote hizo zinahitaji muda, na muda huo mtahini anausikia kama ukimya.

Ukimya nao una aina mbili, na watahini wamefunzwa kuzitofautisha. Kuna kusita kwa mtu anayefikiria aseme nini. Huko kunakubalika hata kwenye bendi za juu kabisa, kwa sababu hata mzawa wa lugha hufanya hivyo. Na kuna kusita kwa mtu anayejua anachotaka kusema ila anatafuta neno au kanuni ya sarufi. Huko ndiko kunakoshusha. Utazitambua kwa mahali zinapotokea. Ya kwanza huja kati ya wazo na wazo. Ya pili hukata katikati ya kifungu, baada tu ya "because" au "the", halafu mtu anarudi nyuma, anarudia maneno mawili, anakwama tena.

Kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya maandalizi haviitaji, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Huku kwetu mtu mwenye adabu akiulizwa na mkubwa au na ofisi hujibu kwa kifupi, kisha husubiri kuulizwa tena. Mtu huyo huyo sokoni Uyole anaweza kumaliza dakika kumi akisalimiana na jirani, akauliza habari za wazee, watoto, mvua na ng'ombe. Mbele ya mtahini anajibu maneno manne na kuinamisha macho. Ni heshima, na sikuambii uiache. Lakini mtahini anaweza kukupa alama kwa yale tu aliyoyasikia, na adabu ya kujibu kwa kifupi inafika kwake kama Kiingereza kilichokwisha.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Tuseme swali ni kama watu wa eneo lenu wanakula vyakula tofauti na vya zamani. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Yes. Nowadays people eat rice." Ni sahihi, na halina kitu cha kupimwa. Sasa sikia hili la mtu wa Tukuyu: "Yes, quite different. My grandmother cooked green bananas almost every day, but my children would rather have rice from Kyela. If the road weren't so good now, I don't think they'd have that choice." Halina neno gumu hata moja, na linasemwa kwa sekunde 15 hivi. Lakini hesabu alichokisikia mtahini: wakati uliopita kwa ajili ya bibi, ulinganisho wa bibi na watoto, sentensi ya masharti, na namna ya kusema upendeleo ambayo msemaji wa kiwango cha chini haitumii. Mawazo nayo yamefuatana, kuanzia chakula hadi barabara. Na yote ni maisha yako mwenyewe, hukuhitaji kubuni lolote.

Njia ya kufika hapo ni fupi: jibu swali, toa sababu au mfano kutoka kwenu, kisha ongeza jambo moja linalogusa wakati uliopita, ujao, au "kama ingekuwa". Ukishindwa neno, lizunguke. Hujui mche wa kupandikiza unaitwaje kwa Kiingereza, sema ni mmea mdogo unaouhamishia shambani. Kuzunguka neno kwa ustadi kunahesabiwa kwa faida yako katika msamiati. Usipolisikia swali, omba lirudiwe. Hukatwi alama kwa hilo. Na uwe macho na "he" na "she". Kiswahili kinatuachia "a-" moja kwa baba na mama, basi tunamsimulia mama kama mwanaume sentensi nzima, na mtahini anapotea.

Hayo majibu ya WhatsApp, tafadhali, achana nayo. Mtahini anatambua jibu la kukariri kwa urahisi: kasi inapanda ghafla, sauti inakuwa ya mtu anayesoma, msamiati unaruka ngazi mbili, halafu swali linalofuata linarudisha Kiingereza cha awali. Akishatambua hilo, anahama na kukuuliza kitu ambacho hukukiandaa. Nilikuwa na kijana mmoja wa Iringa niliyekuwa namfanyia majaribio. Nikampa mada ya mahali penye historia. Akaanza kumwaga maneno mazuri kuhusu jumba la makumbusho la London, hajawahi kufika hata uwanja wa ndege. Nikamuuliza kitu kidogo tu, aliona nini kilichomgusa zaidi. Kimya. Na kijana huyo kakulia karibu na Kalenga, yalipo makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Nikamwambia anieleze hilo. Akaongea karibu dakika 2 bila kukwama zaidi ya mara tatu, kwa makosa yake ya kawaida, na lilikuwa jibu bora mara nyingi kuliko la kwanza. Wewe una Mlima Rungwe, chai, parachichi, wakulima wabishi, mvua isiyokatika. Mada karibu zote za kadi zinaweza kuingia humo. Isitoshe, wanaouza "maswali yaliyovuja" au vyeti bila mtihani wanakula pesa yako bure. Vyuo vinahakiki matokeo moja kwa moja mtandaoni, na udanganyifu ukigundulika unapoteza nafasi yenyewe.

Mazoezi nayo yawe ya kinywa. Kuna zoezi moja ambalo walimu wa lugha wamelitumia miaka mingi, nami sijaona linaloshinda. Chukua mada moja, iongelee kwa dakika 4. Pumzika kidogo, sema yale yale kwa dakika 3. Kisha kwa dakika 2. Kwa kuwa wazo tayari unalo, akili inapata nafasi ya kuunganisha maneno haraka, na kufikia mara ya tatu utashangaa yanavyotoka yenyewe. Lifanye mbele ya mtu, hata kama hajui Kiingereza vizuri, maana macho ya mtu ni sehemu ya mtihani. Jirekodi kwa simu mara ya mwisho na uisikilize ukiwa na kalamu: weka alama kila ulipokata katikati ya kifungu, kila "-s" na "-ed" iliyopotea. Usijisahihishe ukiwa unaongea, sahihisha baadaye. Nusu saa kila siku inazidi saa nne za Jumamosi kwa mbali. Na ukiwa shambani peke yako, simulia kwa Kiingereza unachokiona. Wakulima watakuzoea.

Tuje kwenye uamuzi. Kukata rufaa kunaruhusiwa: ndani ya wiki 6 tangu siku ya mtihani unaomba matokeo yapitiwe upya, mtahini mwingine mwandamizi anasikiliza rekodi yako bila haraka, na alama ikipanda unarudishiwa ada. Una kama wiki 3 bado. Jikumbuke kwa haki. Kama ulijibu kwa kirefu, ukaendelea bila kukwama sana, na wanaokujua wanashangaa hiyo 5.5, omba. Lakini kama unakumbuka majibu mafupi na ukimya mrefu, rekodi itasema hivyo hivyo kwa msikilizaji wa pili. Kwa maelezo ya barua yako, mimi ningeiweka hela hiyo kwenye kurudia.

Kurudia nako kuna njia mbili. Kwa waliofanya kwa kompyuta, kama wewe, ipo fursa ya kurudia stadi moja pekee ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza. Stadi nyingine zinabaki na alama zake na unapewa karatasi mpya ya matokeo. Haipatikani kila kituo, na siyo kila chuo kinaikubali, kwa hiyo uliza pande zote mbili kwanza. Ikipatikana, hiyo ndiyo ningekuchagulia, kwa sababu moja ambayo wengi hawaioni: kuandika kwako kumekaa 6.0 kamili. Ukirudia mtihani mzima, kuongea kunaweza kupanda na kuandika kukateleza hadi 5.5, ukarudi pale pale. Ikishindikana na ukalazimika kurudia wote, basi usiache kuandika hata wiki moja wakati unajiandaa kuongea. Kuhama kwenda mtihani mwingine wa Kiingereza unaomfanya mtu aongee na kipaza sauti badala ya binadamu kunawafaa wachache wanaoogopa uso wa mtu. Wewe tatizo lako lingekufuata huko. Na vyuo vingi vya Uingereza vina kozi za Kiingereza kabla ya masomo kuanza kwa waliopungukiwa kidogo, ila gharama yake ni kubwa, hivyo iulizie kama akiba.

Usijiandae peke yako hadi mwisho. Tafuta mwalimu akae nawe ana kwa ana walau mara mbili tatu, akufanyie jaribio zima la dakika 14 na kukuambia ukweli. Mbeya na Iringa kuna vyuo vyenye walimu wa Kiingereza, piga hodi. Na kama una kigugumizi, usikivu hafifu, au hofu inayokufanya utetemeke na kukosa pumzi, hayo si mambo ya kumaliza kwa mazoezi ya simu. Nenda hospitali ya rufaa uonwe na mtaalamu, upate maelezo ya maandishi, na uyapeleke kituo cha mtihani mapema kabla ya kujisajili, kwa sababu wanao utaratibu maalumu kwa watahiniwa wenye mahitaji hayo.

Leo hii, kabla hujalipia chochote, iandikie ofisi ya udahili ya chuo chako. Waulize mambo matatu: wanapokea kurudia stadi moja? Mwisho wa kupeleka matokeo ni lini? Kwa 5.5 ya kuongea wanakubali kozi ya maandalizi? Wakijibu, piga simu kituo cha Dar es Salaam uulize tarehe zilizo wazi ndani ya zile siku 60, ukikumbuka kwamba tayari 21 zimekwenda. Nikutumie mada za kadi za kuanzia mazoezi? Niandikie, nitakuandalia.